Kabla Daftari la Duka Halijahamia Kwenye Kompyuta

Wenye maduka wengi wakitaka hifadhidata, yaani kumbukumbu za duka zilizopangwa kwenye kompyuta, huanza kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Hilo liwe swali la mwisho. Mimi nikiitwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, huomba kwanza niketi nyuma ya kaunta kutwa nzima na daftari la mauzo mapajani, maana kazi ngumu imo humo.

Chukua majina ya bidhaa. Muuzaji mmoja kaandika "nondo 12", mwenzake "nondo mm 12", wa tatu "nondo nene". Kwa binadamu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitatu, na kila kimoja kitakuwa na salio lake la uongo. Ketini pamoja, mwandike orodha moja, kila bidhaa na namba yake. Kisha vipimo, ambavyo ndivyo hutoa watu jasho. Misumari huingia kwa boksi, hutoka kwa kilo, na fundi wa jioni anataka robo. Waya huja umevingirishwa, unauzwa kwa mita. Chagueni kipimo kidogo kabisa mnachouzia, stoo ihesabiwe kwa hicho, na kwenye bidhaa muandike boksi moja lina kilo ngapi.

Bei nazo zina mtego, na niliuingia mwenyewe. Duka la kwanza nililolitengenezea mfumo, bei niliiweka kwenye jedwali la bidhaa peke yake. Saruji ikapanda, tukabadilisha bei, na mauzo ya miezi iliyopita yote yakajikokotoa upya kwa bei mpya. Faida ikanona kwenye skrini huku droo ikilia njaa. Tangu hapo kila mstari wa mauzo unabeba bei ya siku ile ile. Salio la stoo pia nimeacha kuliandika kama tarakimu moja ya kufuta na kuandika upya. Naandika kilichoingia, kilichouzwa, kilichorudishwa, mfuko wa saruji ulioganda kwa unyevu. Salio linatokana na kujumlisha hayo. Siku mzigo ukipungua, unajua pa kuanzia kuuliza.

Waliochukua kwa mali kauli wawe na jedwali lao, na kila wanachopunguza kiandikwe kwa tarehe yake. Namba za simu zihifadhiwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itamezwa. Usikusanye usichokihitaji: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mtu aliyenunua bati tatu ni ya nini? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na zote zinamhusu hata mwenye duka dogo anayetunza majina ya wateja.

Sasa programu. Excel ina mistari 1,048,576 kwa ukurasa, na duka lako halitaimaliza leo wala kesho. Ubaya wake ni kwamba muuzaji anaweza kufuta fomula kwa kidole kimoja asijue. Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, faili lake lina kikomo cha GB 2. Kwa kompyuta moja, SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, inatosha na ni ya bure. Kaunta zikiwa mbili au zaidi, fikiria MySQL au PostgreSQL, hifadhidata zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja, kwenye kompyuta moja iliyotulia. Kila muuzaji awe na nywila yake, hata kama ni mdogo wako wa damu. Hasa kama ni mdogo wako. Na usidhani mfumo wako unachukua nafasi ya mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi Tanzania. Risiti ya mamlaka ya mapato (TRA) bado itatolewa.

UPS, betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, nunua kabla ya printa. Bekapu, yaani nakala ya akiba, ifanyike kila jioni kwenye flashi, na flashi ilale nyumbani, si kwenye droo ya dukani. Mara moja kwa mwezi ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama data imo kweli.

Anza Januari, wateja wakiwa wamebanwa na ada za shule. Funga duka Jumapili moja, hesabuni stoo yote, hiyo iwe ingizo la kwanza. Kwa mwezi mzima daftari na kompyuta viende sambamba. Misumari msiihesabu, pimeni kwa mizani.