Likizo ya Agosti Nairobi: Michezo ya Watoto, Babu na Nyanya Wakiwa Nyumbani

Agosti Nairobi ni mwezi wa baridi. Wenyeji wanalijua hilo, ila wanapowaalika wazee kutoka sehemu za joto kama Kisumu, Busia au Kilifi wanalisahau, na wiki ya kwanza inaishia kwenye kikohozi na magoti yanayouma. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Julai na Agosti huwa za mawingu na manyunyu ambayo siku nyingine hayaachi hadi saa tano. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wanaocheza na wazee waliokuja kutembea inapangwa kufuata saa chache za vuguvugu, kuanzia saa tano hivi hadi saa kumi jioni. Ukilazimisha mazoezi ya saa mbili asubuhi na mzee akae pembeni akitazama, utakuwa na mtazamaji wa siku moja tu.

Tarehe na safari

Likizo yenyewe ni ya wiki tatu hivi. Usiwaite wazee siku shule zinapofungwa. Siku hizo nauli hupanda, stendi hujaa wanafunzi na masanduku, na mtu wa miaka sabini anaweza kusimama saa nzima akingoja gari. Waje siku ya nne au ya tano baada ya kufungwa, warudi kabla ya wikendi ya kufungua. Zinabaki wiki mbili, na zinatosha. Siku za mwanzo watoto wenyewe wanataka kulala tu.

Mabasi ya usiku kutoka magharibi huweza kumshusha abiria katikati ya jiji alfajiri, giza bado halijaisha, na hapo ndipo mizigo hupotea na vijana wa stendi hung'ang'ania kubeba magunia. Kata tiketi ya basi la asubuhi, na uombe kiti cha mbele upande wa njia, si juu ya gurudumu. Waambie wazee wateremke kila basi linaposimama, watembee dakika tano hata kama hawaendi chooni, maana kukaa saa saba bila kunyoosha miguu ndiko kunakoleta uvimbe wa vifundo. Wanaotoka Pwani wana treni ya SGR, yaani ya reli mpya. Ile inayoondoka Mombasa asubuhi hufika Nairobi mchana, lakini kituo kiko Syokimau, mbali na mjini, hivyo wapokelewe palepale badala ya kuachwa wahangaike na treni ya pili ya kuingilia jijini.

Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye buti ya basi. Wabebe za siku zote za ugeni na za wiki moja zaidi, pamoja na kadi ya kliniki, ili daktari wa hapa asianze kubahatisha. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda hata mara moja, itupwe. Hakikisha pia wamesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wapo wazee wanaotembea na kadi ya zamani wakidhani bado inafanya kazi.

Kuhusu kuku wa zawadi, usijisumbue kumkataza nyanya kumleta. Omba tu kuku huyo aje ameshachinjwa.

Nyumba kabla hawajafika

Godoro la chini ni la watoto. Mzee alale kwenye kitanda ambacho akikaa ukingoni nyayo zinafika sakafuni na magoti yamekunjika sawasawa. Kikiwa chini zaidi ya hapo, kila asubuhi atahitaji mtu wa kumvuta. Blanketi mbili nyepesi zinashinda moja nzito, kwa sababu mzee anaweza kuondoa moja usiku bila kuita mtu. Acha taa ndogo ikiwaka kwenye korido ya kuelekea choo. Bafuni weka mkeka wa mpira, kwani vigae vikilowa sabuni ndipo nyonga huvunjika. Shawa ya stima ionyeshwe kwa vitendo: maji yafunguliwe kwanza, joto lisawazishwe kwa kupunguza au kuongeza maji, na swichi isiguswe kwa mkono uliolowa. Na kwa kuwa mgao wa maji ni jambo la kawaida katika mitaa mingi, jaza mitungi ya ziada, maana watoto wawili wanaorudi na matope pamoja na wageni wawili humaliza tangi kabla ya zamu nyingine ya maji kufika.

Jambo la kuuliza na kukazia ni jiko la makaa. Mtu aliyezoea kuota moto jikoni kwake, jiko lenye mianya na nafasi, atataka kuliingiza jiko chumbani usiku wa baridi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba cha ghorofa kilichofungwa madirisha huua watu wakiwa wamelala. Kulifunika majivu hakusaidii. Mpe mzee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso, soksi nzito na kofia ya kulalia. Jiko likipikiwa nje, lirudi ndani likiwa limezimwa kabisa.

Mkiishi ghorofa ya nne bila lifti, hesabu ngazi kama sehemu ya mazoezi ya mzee. Kushuka na kupanda mara moja kwa siku ni sawa kwa wengi; mara tatu ni kumtesa. Hivyo safari ya uwanjani, ya dukani na ya kanisani au msikitini isigawanywe asubuhi, mchana na jioni.

Ratiba ya michezo

Mazoezi matatu kwa wiki yanatosha: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa mfano. Katikati pabaki wazi. Makocha wengi huwa na vipindi vya likizo vya kila siku, na wazazi huvilipia kwa furaha kwa sababu vinaondoa watoto nyumbani. Mwaka ambao wazee wapo, kila siku ni nyingi mno; jioni mtoto hana nguvu hata ya kusimuliwa hadithi. Lipa kwa kipindi badala ya mwezi mzima, na uulize mapema kama mvua ikikatiza mazoezi fedha hurudi au kipindi hufidiwa.

Kwenye vifaa vya mpira wa miguu, watu hukosea ukubwa. Mpira namba 3 ni wa watoto wa chini ya miaka minane, namba 4 ni wa miaka minane hadi kumi na miwili, namba 5 kuanzia kumi na mitatu. Babu akipita dukani akatoka na namba 5 kwa mjukuu wa miaka saba, mtoto ataumia vidole na ataanza kupiga kwa ncha ya kiatu, tabia ambayo kocha atahangaika nayo mwaka mzima. Njumu za mitumba za masoko ya Gikomba au Toi zinafaa kabisa ukikagua mambo matatu: ikunje soli uone kama imepasuka katikati, vuta meno yake uone kama yanacheza, na mtoto aijaribu akiwa amevaa soksi za mchezo. Mbele ya kidole kikubwa pabaki nafasi ya sentimita moja. Ya kukulia, yenye sentimita tatu, humteguza kifundo. Kwenye uwanja wa murramu, udongo mwekundu wa changarawe, uliokuwa mgumu, njumu zenye meno marefu huteleza na kuumiza nyayo. Hapo viatu vyenye meno mafupi mengi ndivyo vyenyewe. Kinga za ugoko si hiari.

Kabla mazoezi hayajaanza, mwendee mlingoti wa goli uusukume. Magoli ya kuhamishika yasiyofungwa chini kwa vigingi au kuwekewa mifuko ya mchanga nyuma yanaweza kuanguka, na watoto hupenda kuning'inia. Goli likitikisika, mwambie kocha alifunge kwanza. Akikudharau, ondoka na mtoto.

Kuogelea kunataka tahadhari nyingine. Mabwawa mengi ya wazi hayapashwi moto, na maji ya Agosti hukaa baridi hata jua likiwa limewaka. Chagua kipindi cha saa sita au saa saba. Dakika thelathini zinamtosha mtoto mdogo; midomo ikigeuka rangi ya zambarau au akianza kutetemeka, atoke hata kama anasema anaendelea. Beba taulo mbili, moja ya kukausha na moja ya kujifunika, sweta, kofia na uji moto kwenye thamosi. Na jambo hili lisionewe haya: babu asiyejua kuogelea hawezi kuachwa peke yake kama mlinzi wa bwawa. Mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima anayejua, ndani ya maji, umbali wa mkono. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Nyanya na chakula

Ugomvi mkubwa wa likizo huwa hapa. Nyanya anataka mtoto ale ashibe kabla ya kutoka. Kocha anataka mtoto mwepesi. Chakula kizito, ugali, chapati au wali, kiliwe saa mbili au tatu kabla ya mchezo, la sivyo mtoto atashikwa na kichomi au atatapika nusu ya kwanza. Ikibaki saa moja, ndizi mbivu moja au kipande cha mkate kinatosha. Badala ya kumwambia nyanya asipike, mpe saa yake, yaani baada ya mchezo. Hapo viazi vitamu, nduma, mayai, maharagwe na maziwa yake ndiyo hasa mwili unavyohitaji, na mtoto atamaliza sahani bila kubembelezwa. Maji yanyweke kidogo kidogo hata kukiwa na baridi, kwa kuwa siku ya mawingu mtoto hasikii kiu.

Wazee uwanjani

Kiti kiwe na mgongo na mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka. Viti vya kukunja vya chini kabisa ni mtego. Kiwekwe pembeni mwa uwanja, hatua kadhaa kutoka kwenye mstari, kamwe si nyuma ya goli. Shuka la Kimaasai magotini, kofia yenye ukingo kichwani, kwa sababu katika mwinuko huu jua huunguza hata likiwa nyuma ya wingu. Kabla ya yote uliza choo kiko wapi na kina maji. Wazee wengi wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini hukataa kwenda uwanjani kwa sababu hiyo moja tu, na hawataisema.

Waombe wapige makofi, wasielekeze. Mtoto akisikia "piga!" kutoka kwa babu na "pasi!" kutoka kwa kocha, atasimama na mpira hadi anyang'anywe. Kama mzee ndiye atakayewachukua watoto, kocha apewe jina lake na picha kwenye simu siku moja kabla, na mzee awe na namba ya kocha iliyoandikwa kwenye karatasi, simu ikizima chaji. Kocha anayemtoa mtoto kwa yeyote anayesema "mimi ni nyanya yake" si wa kumwachia mtoto. Hata hivyo, kuchukua watoto kila siku si kazi ya mgeni. Mara moja kwa wiki, akipenda.

Mtoto akiumia

Kifundo kikiteguka, mkono wa nyanya utakimbilia maji ya moto na kukanda. Mzuie kwa upole, siku mbili za kwanza, kwani joto na kukanda huongeza uvimbe. Ponda barafu, ifunge kwa taulo nyembamba, iwekwe dakika 15 hadi 20, irudiwe kila baada ya saa mbili tatu mchana huo. Mguu uinuliwe juu ya mto. Mtoto asiyeweza kutembea hatua nne, au anayelia ukibonyeza mfupa wa kifundo, apelekwe kupigwa picha ya eksirei. Akigongwa kichwa, mchezo umeisha siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akichanganya maneno, hospitali mara moja.

Siku zisizo na mazoezi

Arboretamu, bustani ya miti ya jiji, inawafaa wenye magoti mabovu: njia ni fupi, kivuli kipo na watoto wana nyasi za kukimbilia. Tumbili wa pale hunyakua chakula mkononi, kwa hiyo mkoba ufungwe zipu. Msitu wa Karura ni mpana mno kutembea bila mpango. Baki karibu na lango mliloingilia na uwaache wazee kwenye eneo la mapumziko wakati watoto wanaendesha baiskeli. Njia ya kuteremka kwenye maporomoko ya maji huteleza baada ya manyunyu. Malipo ya kuingia hufanywa kwa simu, hivyo weka pesa kwenye laini kabla ya kutoka nyumbani.

Tiketi ya kurudi ikatwe ndani ya wiki ya kwanza, kwa siku ya Jumanne au Jumatano. Siku mbili kabla ya safari hesabu dawa zilizobaki mbele ya mzee mwenyewe, na zikipungua nunueni Nairobi, kabla ya safari. Na mizigo ya kurudi iwe michache kuliko ya kuja.