Kopo lipi la tui? Somo la kusoma vifungashio kwa kamera ya simu

Mimi sioni, na jikoni kwangu Mkomani, hapa Lamu, huwa kuna makopo ya gramu 400 yanayolingana kwa uzito, umbo na hata mlio yanapotikiswa: moja la nyanya, jingine la tui la nazi. (Naam, hata Lamu wapo wanaonunua tui la kopo, tusihukumiane.) Baada ya kumimina nyanya katika wali wa nazi, nilijifunza kutumia Google Lens, programu iliyotangazwa mwaka 2017 bila kulengwa kwetu hasa, bali kwa yeyote atakaye kujua jina la ua au mahali pa kununua kiatu alichokiona. Kwetu sisi faida yake kubwa ni kusoma maandishi.

Hatua ya kwanza: katika mipangilio ya simu ya Android, fungua sehemu ya ufikivu na uwashe TalkBack, inayosoma yaliyomo kwenye skrini. Telezesha kidole kulia ili kusogea, na gonga mara mbili ili kufungua.

Hatua ya pili ni mwangaza. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na vyumba vya ndani huwa na giza hata adhuhuri, kwa hiyo toka hadi kiwandani, yaani uani, lakini ukae kivulini, kwa sababu bati likipigwa na jua humetameta na herufi hupotea.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Fungua Lens, laza kopo mezani, ligusishe na simu, kisha inua simu polepole, bila kuiinamisha, hadi kimo cha shibiri moja. Kwa kuwa kopo ni la mviringo, picha moja hushika sehemu tu ya jina. Yangu ya kwanza ilisomwa "nut milk", kipande tu cha "coconut milk" (tui la nazi), nikadhani nimeuziwa maziwa ya karanga. Lizungushe robo, upige tena, hata mara nne.

Hatua ya nne: piga picha, chagua maandishi yote, kisha gonga kitufe cha kusikiliza. Hakikisha una bando.

Maswali ya wanachama

Shangazi mmoja wa Langoni anauliza: "Mwanangu, naweza kuitegemea kwa dawa za presha?"
Shangazi, shikamoo. Kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, itakusaidia. Lakini karatasi ya vidonge hung'aa, na ikishakatwa huenda jina likabaki kwenye kipande kingine. Weka dawa ndani ya boksi lake, na usimeze kwa neno la simu peke yake. Muulize mwenye duka la dawa.

"Je, si bora programu za wasioona?"
Zipo, na ni nzuri: Seeing AI ya Microsoft ilianza kwenye iPhone mwaka 2017 na kufika Android mwaka 2023, na Lookout ya Google ilitoka mwaka 2019. Hata hivyo, kwa maoni yangu, anza na Lens, ambayo katika simu nyingi za Android tayari imo.

"Na noti, ami?"
Sokoni sitoi simu. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina alama za kupapasa, na kidole hakihitaji bando.