Straika wenu kaondoka? Namna ya kukaa kitako mkamjadili kwa haki, toka kwetu Kigoma

Straika akiondoka watu wanagawanyika hapo hapo, huku wanaolia kule wanaotukana, na baada ya muda mfupi hakuna anayekumbuka jamaa alifanya nini hasa, kinachobaki ni klipu moja na tusi moja. Mi naona hiyo sio sawa kabisa. Mtu kakufungia misimu miwili, umemshangilia mpaka sauti imekauka, anastahili watu wakae wamuongelee mechi kwa mechi, mazuri yake na mapungufu yake. Naeleza tunavyofanya sisi wapenzi wa Yanga huku mwisho wa reli, na mfano namtumia Fiston Mayele aliyeondoka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, maana kwa mji unaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa yule alikuwa kama ndugu. Ila hata wewe wa Simba au wa Mashujaa, timu ya hapa hapa Kigoma, utaratibu ni ule ule, badilisha jina tu.

Kwanza muda. Msikae siku habari inatoka, siku hiyo kila mtu ana hasira au ana majonzi na nusu ya yanayosemwa ni tetesi. Subirini klabu itangaze, jamaa avae jezi mpya, mambo yatulie. Na huku kwetu kuna jambo jingine la kuangalia, watu wenye kumbukumbu kali za mpira wengi ni wavuvi wa dagaa, na mvuvi wa dagaa usiku yuko ziwani na taa zake, mchana kalala. Kwa hiyo pangeni kikao siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika Kibirizi, watu wako nchi kavu na wana muda wa kuongea mpaka usiku. Mkikaa siku za giza mtabaki vijana wa bodaboda na simu zenu, na simu inajua klipu, haijui mechi.

Mahali ni kijiwe cha kahawa, sio kibanda umiza cha kuangalizia mpira. Kibandani runinga inawaka, kuna mechi ya Uingereza, mtu anaanza kusema kitu cha maana mara goli limeingia huko wote wanageuka. Kaeni kwenye kahawa na kashata ambapo hakuna cha kugeukia.

Watu wa kuwaita hapa ndo pana kazi. Mkiwa nyinyi kwa nyinyi mtasifiana mpaka asubuhi. Iteni mzee mmoja au wawili walioona mastraika wa zamani, na iteni shabiki wa Simba mmoja mwenye akili timamu, sio wa kuja kuzomea, yule anayekubali mpira ukichezwa, maana yeye ndo anajua jamaa alikuwa anaogopwa kiasi gani upande wa pili, na hicho kitu nyie hamuwezi kukijua. Halafu msiwasahau wasioangalia mpira. Kuna mama anauza chapati na maharage pembeni ya kibanda umiza, hajawahi kukaa ndani akamaliza mechi hata moja, lakini muulize robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Rivers United anakwambia watu walitoka wanakimbia wakasahau kuchukua chenji, muulize fainali ya pale kwa Mkapa, uwanja wa Dar, anakwambia walitoka kimya, wakanunua chapati bila kuuliza bei. Ile ni kumbukumbu safi kuliko ya mtu aliyekuwa anapiga kelele.

Mkishakaa msianze na magoli. Anzeni na kabla hajafika, yaani aliikuta timu wapi. Sisi Kigoma tuna bahati hapa maana tuliiona kwa macho. Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa hapa hapa uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, tukafungwa 1-0, Taddeo Lwanga dakika ya 79, Mukoko Tonombe tayari ana kadi nyekundu. Yanga ilikuwa haijabeba ligi tangu msimu wa 2016/17, Simba kachukua minne mfululizo. Sasa ukiweka hilo mezani kwanza, kila kinachofuata kinakaa mahali pake. Mayele alisajiliwa dirisha la usajili la mwaka huo huo, Septemba 25 kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungulia msimu, akamfunga Simba bao pekee la mechi, na msimu huo wa 2021/22 ligi ikarudi Jangwani, yaani kwetu Yanga, bila kupoteza mechi hata moja. Ukianza na mabao bila historia hiyo unakuwa unahesabu namba tu.

Sasa daftari. Tafuteni daftari la kawaida, mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike, na mchore safu nne: mechi ipi, bao lilikuja wakati matokeo yakoje, mechi iliishaje, na bao lilileta nini. Hiyo safu ya nne ndo roho ya kikao kizima. Bao la nne kwenye ushindi wa 5-0 ni bao, liandikwe, lakini halilingani na bao lililoivusha timu. Mabao aliyowafunga Zalan ya Sudan Kusini 2022 kwenye Ligi ya Mabingwa ni mengi, na Yanga ilishinda jumla 9-0, kwa hiyo yaandikeni pembeni msije mkayachanganya na mengine mkajidanganya.

Chukua Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022/23, alimaliza mfungaji bora na mabao 7 kuanzia makundi mpaka fainali. Yafungueni moja moja muone. Real Bamako kawafunga kule Mali na kawafunga Dar. US Monastir moja. Rivers United robo fainali, kule Uyo, mawili, na marudiano yakaisha 0-0, maana yake mechi mbili zote za robo fainali kuna mabao mawili tu na yote ni yake. Hapo mtu mzima unanyamaza kidogo. Nusu fainali na Marumo Gallants Afrika Kusini moja, tukashinda 2-1. Na la saba ni lile la dakika ya 82 kwa Mkapa, Mei 28, 2023, tumeshafungwa moja na USM Alger, jamaa anasawazisha, uwanja unatetemeka, na dakika mbili baadaye Merili anafunga la pili lao. Tukaenda Algiers tukashinda 1-0 kwa penati ya Djuma Shabani, jumla 2-2, kombe likaondoka kwa mabao ya ugenini, maana wao walifunga mawili kwetu na sisi moja kwao.

Mkifika kwenye bao hilo la saba msipite haraka, hapo patakuwa na ubishi na ni ubishi mzuri. Wengine watasema halikuleta kombe kwa hiyo halina thamani. Mi nasema hapana, safu ya nne haiulizi kombe tu, inauliza bao liliiweka timu wapi, na lile liliiweka Yanga hai mpaka filimbi ya mwisho ya Algiers. Ila acheni kila mtu aseme lake na mwandishi aandike pande zote mbili.

Kisha njooni kwenye lile ambalo mashabiki wa Simba watalisema hata kama hamjawaita, kwamba Mayele hakuwahi kuwafunga kwenye ligi. Msikasirike, fungueni daftari. Ni kweli. Mechi nne za ligi, misimu miwili, 0-0, 0-0, 1-1 ambapo bao letu alifunga Aziz Ki, na ile ya Aprili 2023 tuliyofungwa 2-0. Mabao yake matatu kwa Simba yote ni ya Ngao ya Jamii, lile la 2021 na mawili ya Agosti 2022 tuliposhinda 2-1. Andikeni hivyo hivyo bila kupunguza. Halafu ndo muulizane kwa nini, na hapo yule rafiki wa Simba atakwambia habari za Henock Inonga, Mkongo mwenzake, alivyokuwa anamganda toka dakika ya kwanza, hampi nafasi ya kugeuka, na utakuta mnaelewa kitu ambacho hamkukielewa siku ya mechi. Ukificha pungufu la straika wako basi na sifa zake hakuna atakayeziamini.

Yasiyoandikwa kwenye karatasi ya matokeo nayo mkayatazame. Tafuteni mechi nzima mtandaoni, sio hailaiti, bando likiruhusu, angalieni hata dakika kumi tu lakini msimwangalie mwenye mpira, mwangalieni namba tisa wenu peke yake. Mayele ukimwangalia hivyo unaona anavyowavuta mabeki wawili waende nguzo ya karibu, nyuma yao kunabaki uwazi na mtu wa pili anaingia. Unaona anavyopokea mpira mgongo ukiwa kwa goli, beki kamlalia, bado anautuliza. Mabao mengine ya wenzake yana jasho lake ndani na hakuna anayelihesabu.

Hapo hapo ulizeni nani alikuwa anamlisha, maana straika bila krosi ni mtu amesimama. Djuma Shabani na Jesus Moloko walikuja naye wote toka AS Vita, walikuwa wanajuana, Djuma akipanda kulia jamaa anajua mpira utatua wapi kabla haujapigwa. Kulikuwa na Fei Toto, baadaye Aziz Ki. Hili msilifanye la kumpunguzia mtu sifa, ni la kuwapa na wengine haki yao.

Namba za ligi zenyewe ni za kupita tu, mabao 16 msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold akamzidi moja akawa mfungaji bora, na 17 msimu uliofuata wakafungana na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Ziandikeni msonge mbele.

Sehemu ngumu ni pengo. Usipime pengo la mtu wiki aliyoondoka, acheni kurasa wazi mrudi baada ya msimu mmoja. Sisi tuliporudi tulikuta mambo ambayo hakuna aliyeyatabiri. 2023/24 kocha Gamondi hakupata Mayele mwingine, alibadilisha tu mabao yatokee wapi. Aziz Ki, kiungo, akafunga 21 kwenye ligi. Novemba 2023 Simba akala 5-1 na wafungaji walikuwa Musonda, Maxi mawili, Aziz Ki na Pacome. Ubingwa ukabaki. Kwa hiyo kuna waliosema si mnaona, hatukumhitaji. Lakini Ligi ya Mabingwa msimu huo huo, robo fainali na Mamelodi Sundowns, 0-0 Dar, 0-0 Pretoria, tukatolewa kwa penati, na kila mtu kibandani alikuwa anamuwaza mtu mmoja. Yote mawili yana ukweli na yote yaandikwe, ila "angekuwepo angefunga" isiingie kwenye daftari, hiyo ni ya kuongelea na kahawa tu.

Kuhusu namna alivyoondoka, naomba hili mlisikie wadau. Mchezaji ana miaka michache ya miguu, ana wazazi na watoto, na klabu ya Misri imeweka hela ambayo huku haipo. Kumuita msaliti ni kumuonea. Ukitaka kujua ulizeni majirani, Meddie Kagere kawapa Simba kiatu cha ufungaji misimu miwili mfululizo, mabao 23 halafu 22, mwisho akaenda Singida 2022, na John Bocco kabeba nao ligi nne akaja kumalizikia JKT Tanzania. Hakuna straika anayekaa milele, awe ameuzwa ghali au ameachwa kimya kimya. Jezi yenye jina lake msichome wala msiifanye tambara la kufutia pikipiki, mpe mtoto aende nayo uwanjani. Watoto wa Mwanga na Ujiji walikuwa wakifunga goli la mawe mawili wanatetema kama yeye alivyokuwa anashangilia, hata kabla mpira haujasimama, na huwezi kuwaambia leo kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo.

Mwisho wa kikao kila mtu ataje bao moja, moja tu, na aseme alikuwa wapi lilipoingia. Anzeni na wadogo wazee wamalizie, maana mzee akianza vijana watarudia la kwake. Rekodini kwa simu, sauti tu inatosha, na mtu akitaja dakika au mfungaji vibaya msimkatize, msahihishe kwenye daftari baadaye.

Daftari akae nalo mtu asiyehama hama, sio kijana wa chuo ataondoka nalo. Na zile kurasa za nyuma ziacheni kwa ajili ya huko aendako. Kwa Mayele tumeshaongeza mstari wa Juni 1, 2025, mechi ya pili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Pyramids 2 Sundowns 1, la kwanza kafunga yeye dhidi ya Sundowns wale wale, na kombe kabeba. Kijana aliyekuja kuutaka uandikwe alikuwa mmoja wa waliomtukana sana 2023, na tulimuandikia bila kumsema.