Umeumia kwenye treni? Fidia unaidai hivi
Ajali ya treni Bongo wengi tunakumbuka Msagali 2002, watu 281 walikufa, ila kuna wanaoumia kwenye ajali ndogo tu, behewa limeacha reli au breki imefungwa ghafla mzigo ukakuangukia, mtu anameza panadol anarudi kwake yanaisha. Yasiishe hivyo jamani, ni haki yako.

Ukitoka tu kwenye behewa tafuta polisi upate PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, daktari aijaze. Kama hali mbaya wahi hospitali kwanza, ndugu ndo afuatilie. Hata ukijiona mzima kapime, mgongo na shingo huanza kuuma kesho yake, na ukikaa wiki mbili wataanza kukuuliza ulianguka bafuni au wapi.

Tiketi usitupe!! Ya mtandaoni piga skrinishoti, na meseji ya malipo usifute. Chukua namba za abiria wawili watatu mliokaa nao, piga picha behewa na kidonda.

Sasa hapa kwenye risiti ndo watu wanapoteza hela. Pesa iliyokutoka mfukoni mahakama inataka uithibitishe yote, dawa, eksirei, nauli ya kwenda kliniki, huwezi kusema tu nimetumia laki tano, maumivu ndo jaji anakadiria mwenyewe. Kwahiyo tafuta bahasha moja tia kila karatasi, na kama una genge au kibanda andika kwenye daftari kila siku uliyoshindwa kufungua.

Halafu peleka barua ya madai kwa Shirika la Reli (TRC), nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuletea hela ya haraka soma kwanza unachosaini, ikiandikwa huna dai tena ujue umemaliza, na kama mguu hujajua utaponaje usisaini kabisa.

Wakikaa kimya, TRC ni shirika la umma, huwezi kukurupuka mahakamani. Unawapa kwanza notisi ya siku 90 kwamba utawashtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu sheria ibadilishwe 2020 lazima naye aunganishwe kwenye kesi, ukimsahau kesi inatupwa hata kama mguu wako umekatwa. Mwisho wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu ajali, usingoje ikaribie.

Huna hela ya wakili? LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake) wanatoa msaada wa kisheria bure, nenda na ile bahasha.