Jinsi ya kupata eneo la njia inayozunguka bustani ya duara

Swali: bustani ya duara ina kipenyo cha mita 28 na imezungukwa na njia yenye upana wa mita 3.5. Tafuta eneo la njia. Tumia π = 22/7.

Hatua ya 1: Chora. Duara dogo ndani ya duara kubwa, kisha tia kivuli kwenye njia. Mchoro ukipinda si neno.

Hatua ya 2: Tafuta nusu kipenyo za maduara yote mawili. Kanuni ya eneo ni πr², na hiyo r ni nusu kipenyo, ilhali watunga mitihani hupenda kukupa kipenyo. Duara dogo: 28 ÷ 2 = 14. Duara kubwa: 14 + 3.5 = 17.5. Hapa ndipo wengi hupotea. Huandika 28 + 3.5, wakasahau kwamba njia inapita pande zote mbili za bustani. Ukipenda kutumia kipenyo, jumlisha upana mara mbili upate 35, ndipo ugawe kwa 2.

Hatua ya 3: Tafuta maeneo, kisha toa.

Kubwa: 22/7 × 17.5 × 17.5 = 962.5
Dogo: 22/7 × 14 × 14 = 616
Njia: 962.5 − 616 = mita za mraba 346.5

Usitoe nusu kipenyo kwanza halafu ukatafuta kipeo cha pili cha 3.5 na kukizidisha kwa π. Utapata 38.5, ambalo ni eneo la kiduara chenye nusu kipenyo cha mita 3.5, wala si la njia.

Mwenye haraka atumie tofauti ya vipeo vya pili, yaani a² − b² = (a − b)(a + b): 22/7 × (17.5 − 14) × (17.5 + 14) = 11 × 31.5 = 346.5. Mimi huipenda zaidi hii, maana 7 inakatika mapema.

 

Hatua ya 4: Kagua kwa kukadiria. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alionyesha kwamba π ni ndogo kidogo kuliko 22/7, kwa hiyo ukiichukulia kuwa 3 hutakwenda mbali: 3 × 3.5 × 31.5 ni kama 330. Jibu la 346.5 linakubalika, 38.5 lifute.