Genge la Dagaa Sebuleni: Hesabu za Likizo kwa Mizani ya Henga

Shule zikifungwa, wazazi wa mtaani kwetu hapa Mwanza huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, nimpe nini mtoto huyu asishinde kwenye runinga?" Wengi hutegemea niwatajie kitabu cha mazoezi au mtu wa tuisheni. Mimi huwaambia wafungue genge, yaani kiduka cha mchezo cha kuuza vyakula, hapo hapo nyumbani. Hivi karibuni nilimsaidia jirani wa Mabatini kulianzisha na watoto wake wawili, mmoja darasa la pili, mwingine la nne. Mambo mengine yalikwenda yenyewe, ila kwenye mizani tulikaa mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo usishangae ukiona mizani imekula nafasi kubwa kuliko hatua zote.

Mchezo unafaa kuanzia darasa la pili mpaka la tano. Chini ya hapo mtoto atafurahi tu kumwaga mchanga, na hilo nalo si baya.

Hatua ya 1: Bidhaa

Tumia vitu vya kweli kutoka jikoni: dagaa wakavu, karanga, maharage, mchele. Picha zilizokatwa kwenye magazeti hazina uzito, na hapa uzito ndio kila kitu. Kama nyumbani kuna paka, dagaa wakae kwenye chombo chenye mfuniko.

Hatua ya 2: Fedha

Kata noti kutoka kwenye maboksi: 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Ziwe ndogo kuliko za kweli na ziandikwe upande mmoja tu. Sarafu ni visoda. Andika kwa kalamu ya wino mzito 50, 100, 200 na 500. Visoda vya kutosha vinapatikana kwa muuza soda yeyote, na mtoto akitumwa kuviomba kwa adabu atapewa.

Hatua ya 3: Mizani

Mizani ya kidijitali ya jikoni, hata kama unayo, iache kabatini. Inamwonyesha mtoto namba tu. Mizani ya pande mbili inamwonyesha usawa wenyewe, kwamba hiki na kile vinalingana, na ukiongeza huku lazima uongeze kule. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho hapati shida alama ya sawasawa inapokaa katikati ya hesabu darasani.

Unahitaji henga moja ya kutundikia nguo, makopo mawili ya Blue Band yanayolingana, uzi, msumari na selotepu. Henga iwe ya plastiki, ile yenye vijongeo viwili juu ya mabega, yaani vipengo vya kushikia kamba za nguo. Ya waya siipendi: uzi unateleza kila kopo likiguswa, na waya unapinda ukibeba mzigo. Uzi mzuri ni ule wa kushonea nyavu, upo tele kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi karibu na mwalo wa Kirumba. Uzi wa katani unajisokota na kuzungusha makopo.

Toboa kila kopo matundu matatu ukingoni, funga nyuzi tatu zenye urefu sawa, kisha zining'inize kwenye vijongeo. Laza fimbo ya ufagio juu ya viti viwili, henga ining'inie katikati. Usiitundike kwenye msumari ukutani, maana makopo yataparuza ukuta na utadhani yanalingana kumbe yameegemea. Msumari wako una kazi nyingine, ya kutobolea.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu vipingamizi viko hapa.

Kwanza, ndoano ya henga isikalie fimbo moja kwa moja. Fimbo ni nene, ndoano inaisugua na kugoma. Funga kitanzi cha uzi kwenye fimbo, kitanzi kishike ndoano mahali pamoja juu kabisa, kisha ubane kwa selotepu kisitembee. Ndoano nyingi pia huzunguka zenyewe pale zinapoingia kwenye plastiki. Zungushia selotepu na hapo.

Pili, upepo. Mchana ziwa linavuma kuja nchi kavu, na kwenye nyumba zetu za milimani makopo yanacheza kama vibendera. Fanyeni asubuhi, ndani, dirisha likiwa limefungwa.

Tatu, mtajuaje kwamba imelala sawa? Jicho la mtoto linadanganyika, na la mtu mzima vilevile. Tumia timazi kama fundi ujenzi: funga kijiwe kwenye uzi, uning'inie kutoka kwenye kitanzi kile kile cha juu, upite mbele ya ubao wa chini wa henga. Makopo yakiwa matupu, bandika vipande vya selotepu kwenye kopo jepesi mpaka henga itulie imelala, kisha weka alama ya kalamu pale uzi wa timazi unapokatiza ubao. Alama ikirudi kwenye uzi, mizani imelingana.

Nne, na hili ndilo lililotuchosha kwa jirani. Mizani ililingana vizuri ikiwa tupu. Tukaweka kikombe cha maji kushoto, mchanga kulia, ikalingana. Yule wa darasa la nne akahamisha vitu, cha kushoto akakipeleka kulia na cha kulia kushoto, basi tu kwa utundu. Upande mmoja ukazama. "Mwalimu, mizani inaiba!" Na kweli ilikuwa inaiba.

Mizani kulingana ikiwa tupu hakuthibitishi kwamba ni ya haki. Ikiwa mkono mmoja wa henga ni mrefu kuliko mwingine, selotepu uliyobandika kwenye kopo huficha tofauti ile wakati hakuna mzigo. Mzigo ukiingia, mzigo wa mkono mrefu unavuta zaidi ya haki yake. Kwenye henga tofauti hiyo hutokea kirahisi: kijongeo cha huku kimechimbwa ndani kidogo, au kitanzi hakikukaa katikati hasa. Dawa yake ni kubadilishana, na ifanywe kwa mpangilio huu:

Weka mzigo kushoto ndani ya kikombe kidogo, weka mchanga kulia ndani ya kikombe kingine mpaka ilingane. Badilisha vikombe hivyo viwili tu. Makopo yenyewe yabaki yalipofungwa, usiyaguse, vinginevyo utachanganya makosa mawili na hutajua lipi ni lipi. Ikilingana tena, umemaliza. Isipolingana, upande uliozama baada ya kubadilisha ndio wenye mkono mrefu. Sogeza uzi wa kopo la upande huo kuelekea katikati, kidogo sana, upana wa njiti ya kiberiti. Ondoa mizigo yote, sawazisha upya kwa selotepu ikiwa tupu, weka alama mpya ya timazi, kisha rudia jaribio. Usiruke ule usawazishaji wa mizani tupu kwa sababu umechoka. Ukiuruka, utasogeza uzi huku na huko mpaka jioni bila kupata kitu. Ukishapata mahali sahihi, bana uzi kwa selotepu.

Mwache mtoto afanye jaribio hili mwenyewe, hata kama anachelewesha. Kisha mkienda sokoni mwonyeshe mizani ya muuza samaki na umwambie kuna Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni kukagua mizani za biashara. Ataelewa mara moja kwa nini kazi hiyo ipo.

Usipakie zaidi ya gramu mia tatu na kitu kila upande. Henga ikianza kupinda, vipimo vimeharibika.

Hatua ya 4: Mawe ya mizani

Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, karibu kabisa. Kwa hiyo bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, kutoka duka la dawa, linatosha kuwa kiwanda chenu cha vipimo. Usitegemee chupa ya maji ya nusu lita. Ikijazwa hadi mdomoni inachukua zaidi ya ilivyoandikwa.

Weka kikombe cha plastiki kila upande, vikombe vinavyofanana. Kushoto mtoto atie maji bomba tano: gramu 100. Kulia, ndani ya kikombe, weka kipande cha kitenge na kamba yake ya kufungia, kisha ongeza mchanga mpaka timazi ikubali. Funga. Hilo ni jiwe la gramu 100. Kitambaa na kamba lazima viwemo tangu mwanzo, la sivyo jiwe litazidi.

Mchanga uwe mkavu kabisa. Ukaange kwenye sufuria kuukuu kwanza, kisha upoe. Mchanga wenye unyevu utapima sawa leo, na wiki ijayo jiwe lako litakuwa jepesi bila mtu kuligusa. Na usimtume mtoto ziwani kuuchota. Kwenye maji ya kina kifupi kuna konokono wanaobeba kichocho. Mchanga wa ujenzi wa jirani unafaa zaidi.

Kupata 50 huna haja ya bomba. Pima gramu 100 za mchanga mtupu, ugawe kwenye makopo mawili mpaka yalingane. Kila upande ni nusu. Igawe nusu hiyo tena: robo, gramu 25. Sijaona njia bora ya kufundisha nusu na robo kuliko hii, na ile michoro ya duara iliyokatwa vipande inaweza kusubiri. Ukigawa, kumbuka kitambaa cha kila jiwe kiingie kwenye hesabu kama awali. Mtengeneze 25, 50, 100 na 200, kisha waulize: kwa mawe haya manne, kila moja likitumika mara moja tu, ni vipimo gani mnaweza kupima? Wa darasa la nne alijaza ukurasa mzima, kutoka 25 hadi 375, akipanda kwa 25.

Hatua ya 5: Bei na chenji

Watoto wapange bei wao. Tuseme dagaa gramu 100 ni shilingi 700. Mteja anataka gramu 250: mia mbili ni 1,400, hamsini ni 350, jumla 1,750. Analeta 2,000.

Hapa usimwache mtoto aandike 2,000 kutoa 1,750 kwa mafungu, namba chini ya namba, na kuanza kukopa masifuri. Mfundishe kurudisha chenji kama muuza genge: kuhesabu kwenda mbele. Anasema "elfu moja mia saba hamsini," anaweka kisoda cha 50, "elfu moja mia nane," anaweka cha 200, "elfu mbili." Chenji 250, na hakuna aliyekopa. Kutoa kwa mafungu atakutana nako shuleni, na atakuwa tayari na njia ya kujikagua.

Mzazi uwe mteja msumbufu. Omba punguzo. Rudisha karanga. Sema umepunjwa, apime tena mbele yako.

Hatua ya 6: Daftari

Kila mauzo yaandikwe: bidhaa, gramu, bei, fedha iliyopokelewa. Mdogo aandike tangazo la mlangoni. Wetu waliandika "LEO TASLIMU KESHO MKOPO" bila kufundishwa na mtu.

Hatua ya 7: Kopo, sado na mbalamwezi

Hii ni ya wakubwa. Sokoni dagaa huuzwa kwa fungu, kopo au sado (kindoo cha plastiki), ambavyo havisemi uzito. Jazeni kikombe kimoja dagaa, kingine mchele, kingine maharage, mpime. Kikombe ni kilekile, gramu zinatofautiana sana. Kisha shindilieni dagaa kwenye kikombe mpime tena. Mtoto atajua kwa nini mama huangalia namna kopo linavyojazwa.

Wakizoea, wafuatilie bei. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mwanga huwavuta kwenye nyavu, lakini mbalamwezi ikiwa kali taa hupoteza nguvu, wavuvi wengi hupumzika, na dagaa wabichi huadimika. Mpe mtoto kazi ya kuchora umbo la mwezi kila jioni na kuuliza bei ya fungu kwenye genge la kweli kila asubuhi. Fungu nalo lipimwe kwenye henga, kwa sababu mara nyingi bei hubaki ileile na fungu ndilo linalopungua. Kwa hiyo kwenye jedwali kuwe na safu tatu: mwezi, bei, na gramu za fungu, halafu agawe apate bei ya gramu 100. Mwandamo mmoja wa mwezi hautoshi kuona mwelekeo, kwa sababu mvua nayo huzuia kuanika na kuvuruga bei. Andikeni "mvua" pembeni siku hizo, mwendelee mpaka mwandamo wa pili.