Udongo Mwekundu wa Nyika: Usiupe Jina Kabla ya Kuuchimba

Mzee mmoja anayefuga ng'ombe karibu na Sultan Hamud alinijia ofisini hapa Nairobi na udongo ndani ya pakiti tupu ya unga wa ugali. Akaumimina juu ya gazeti. Ulikuwa mwekundu kama tofali lililoiva, laini, ukiacha vumbi vidoleni kama poda. "Mwalimu," akasema, "shemeji yangu wa Kiambu ana udongo kama huu huu. Ameniambia nitie chokaa, nami nimeshaulizia bei ya magunia." Nikamwuliza, "Mzee, huu umeuchimba kina gani?" Akacheka. Alikuwa ameukwangua juu juu kwa ncha ya kiatu.

Chokaa ile ingekuwa pesa ya kutupa. Udongo mwekundu wa Kiambu, Kabete na Limuru, ule wataalamu wanaouita Nitisoli, umetokana na miamba ya volkeno. Una kina kirefu na mfinyanzi usiopungua asilimia 30, na ukipasua donge lake unaona vipande vyenye nyuso zinazong'aa. Mvua nyingi imeosha kalsiamu na magnesiamu yake, ndiyo maana mara nyingi una asidi na chokaa huusaidia. Sehemu kubwa ya nyika ya Makueni na Kajiado, kwa upande mwingine, imelala juu ya miamba mikuukuu ya naisi, na mvua yake ni haba mno kuosha madini kiasi hicho. Huko asidi si shida ya kawaida. Njaa ya nitrojeni, fosforasi na mboji ndiyo shida, pamoja na maji yanayoteleza juu ya ardhi badala ya kuingia.

Rangi yenyewe hutoka kwenye hematiti, aina ya oksidi ya chuma, na kiasi kidogo tu hutosha kupaka udongo wote. Kwa hiyo wekundu hukuambia kwamba maji hayatuami hapo na hewa hupita. Zaidi ya hapo haukuambii mengi.

Basi tuchimbe. Shimo la mita moja na nusu kwenda chini linatosha, pana kiasi cha mtu kuingia na kuinama. Elekeza ukuta mmoja juani, ukwangue kwa kisu, halafu tazama kabla ya kugusa chochote. Mabadiliko ya rangi, mizizi inapoishia, mawe yanapoanza, chembe nyeupe za chokaa asilia: pima kina cha kila badiliko kwa tepu na uandike. Rangi isomwe udongo ukiwa mkavu, kisha ukiwa umenyunyiziwa maji, tena mchana wa jua kamili. Jua la alfajiri na la magharibi huwa jekundu, nao udongo wowote utaonekana mwekundu kuliko ulivyo. Na uvue miwani ya jua, tafadhali. Mwenye kitabu cha Munsell, chenye vipande vya rangi vya kulinganisha na udongo, ataandika namba ya kipande kinachofanana nao, kwa mfano 5YR 4/4, yaani kahawia nyekundu. Asiye nacho aandike "kama kutu" au "kama tofali", mradi atumie mfano ule ule kwa tabaka zote.

Sasa ulaini, ambapo hata maafisa wenye vyeti hujikwaa. Chembe za udongo huainishwa kwa ukubwa. Mchanga ni kuanzia milimita 2 hadi 0.05, silti ni kuanzia hapo hadi 0.002, na mfinyanzi ni chini ya hapo. Silti ikikauka huteleza vidoleni kama unga wa ngano, na ikilowa haishiki wala hainati kama mfinyanzi. Udongo wa mzee yule ulikuwa na ulaini huo hasa, na mtu angeandika "silti" na kwenda kunywa chai. Lakini kwenye udongo mwekundu uliozeeka, oksidi ya chuma hugandisha mfinyanzi kuwa vipunje vidogo sana vinavyojifanya silti. Vidole vyako vinadanganywa.

Dawa yake ni subira. Chukua donge la kujaa kiganja, lilowanishe kidogo kidogo, ulikande kama unavyokanda chapati kwa dakika kadhaa. Kama ni silti ya kweli, litabaki laini na utepe unaoubana kati ya kidole gumba na cha shahada utakatika ukiwa mfupi. Kama ni vipunje vya mfinyanzi, kadiri unavyokanda ndivyo linavyozidi kunata, na utepe hurefuka hata kupita sentimita 5. La mzee lilianza kunata dakika ya tatu, naye akanitazama kana kwamba nimefanya kiinimacho.

Chupa ya kioo nayo husaidia. Tia udongo theluthi moja, maji, na kijiko cha sabuni ya unga, kisha tikisa kwa muda mrefu, dakika kumi au zaidi. Mchanga hutua ndani ya dakika moja. Usiharakishe kupima kilichobaki, kwa sababu silti iliyo laini kabisa huchukua takriban saa 8 kushuka sentimita 10. Weka alama mchanga ulipoishia, lala, usome asubuhi.

Silti ikithibitika kuwa nyingi kweli, jiulize imetoka wapi. Udongo uliozeeka sana wa nchi za joto kwa kawaida huwa na silti chache, maana hali ya hewa imeshaisaga. Silti nyingi huashiria udongo mchanga kiumri: jivu la volkeno, matope ya mto, au vumbi la upepo.

Hapo ndipo majina ya aina za udongo yanapoanza kuwa na maana. Mfinyanzi ukiongezeka chini na kuacha utando unaong'aa kwenye nyuso za madonge, na udongo ukiwa bado na kalsiamu ya kutosha, tunafikiria Luvisoli au Lixisoli, na maabara ndiyo huamua kati ya hizo mbili. Ukiwa sawasawa kuanzia juu hadi chini, umechoka, wenye uwezo mdogo wa kushika virutubisho, huenda ni Ferralsoli. Tabaka zikiwa hazijajitenga vizuri, Kambisoli. Na ukidondosha siki kwenye vinundu vyeupe vya chini vikatoa povu, fikiria Kalsisoli.

Andika pia umechimba sehemu gani ya mteremko. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930 aliona jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kwa mpangilio ule ule kutoka kilimani hadi bondeni, akauita mfuatano huo katena. Mwekundu juu, kahawia katikati, mweusi au kijivu chini. Shimo moja kilimani halisemi lolote kuhusu bonde.

Jaribio moja zaidi, rahisi na lenye faida kuliko majina yote: tumbukiza donge kavu ndani ya glasi ya maji. Likisambaratika upesi, shamba lako litafanya gamba. Matone ya mvua yatavunja udongo, chembe laini zitaziba vitundu, na maji yatakimbia hata kwenye mteremko mdogo. Malisho yaliyokanyagwa hadi yakabaki uchi huwa hivyo. Kulima kote kwa trekta huongeza vumbi tu. Afadhali kuchimba matuta ya nusu mwezi yenye mdomo wazi kuelekea mlimani, kupanda ndani yake nyasi za malisho kama Cenchrus ciliaris au Eragrostis superba kabla ya vuli, na kufukia mbegu kwa udongo kidogo sana. Kisha mifugo ikae nje hadi nyasi zitoe mbegu, kama Wamaasai wanavyotenga malisho yaitwayo olopololi kwa ajili ya ndama.

Kwa maabara, chota udongo wa sentimita 20 za juu kutoka sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa zigizaga. Ruka boma la zamani, kichuguu na kivuli cha mti. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, utoe nusu kilo. Udongo wa chini uwekwe peke yake. Pakiti ya unga ya mzee haina ubaya, ila gunia la mbolea usilitumie kamwe, maana mabaki yake yataonekana kwenye matokeo kama rutuba ambayo huna. Andika lebo kwa penseli. Wino hufutika udongo ukiwa na unyevu.